Mbuzi Hewani

Mtu aliyebisha mlango wa studio yetu ya redio huku ughaibuni, Saint Paul, hakuna aliyemjua, wala mbuzi aliyekuja naye. Mtu alivua kofia ya baridi. Mbuzi alianza kutafuna zulia la mlangoni.

"Mimi ni Muriuki, nimetoka kule nje ya Woodbury," alisema. "Huyu ni Gilbert. Nimempa jina la msimamizi wangu wa kazini. Ukiona ndevu zao hutauliza sababu."

Nilimuuliza ametumwa na nani. Akanionyesha simu. Ujumbe ulikuwa wangu mwenyewe, nilioutuma kwa kundi la Wakenya wa hapa: "Natafuta mbuzi wa kushiriki kipindi cha redio Jumamosi jioni. Wairimu."

Niliutuma kwa sababu Bi Kibibi, fundi wetu wa milio, alikuwa amenipigia na kusema, "Mwanangu, mbuzi wangu kavunjika mguu. Nitafutie mwingine, la sivyo hakuna treni." Sikuelewa mbuzi na treni vinahusiana vipi. Lakini nililelewa Nyeri, na kwetu mtu mzima akitaka mbuzi, hutafutiwa mbuzi.

Bi Kibibi alitoka studio amebeba kiti kifupi cha mbao chenye ulimi wa chuma na meno, mguu mmoja wa kiti hicho umefungwa gango. Akamtazama Gilbert, akanitazama mimi, kisha akalazimika kuketi juu ya hicho hicho kiti kwa kicheko.

"Mbuzi ndiye huyu, mwanangu. Wa kukunia nazi," alisema, akikipiga kofi. "Nyinyi watu wa bara, mkisikia mbuzi mwaona mishikaki."

Jioni ile tulitaka kuirudisha redio ya miaka mia moja iliyopita: hakuna kurekodi, maikrofoni moja, vichekesho kwanza, kisha muziki wa klasiki, na milio yote inatengenezwa kwa mikono. Vifuu viwili vya nazi ndivyo vilikuwa farasi. Meno ya mbuzi wa Bi Kibibi, yakikwaruzwa kwa kijiko, yalikuwa treni. Niliamini, na bado naamini, kwamba watu wanaopishana mlangoni, mmoja akienda zamu na mwenziwe akirudi, wanahitaji jioni moja ya kuketi na kusikiliza kitu kimoja. Margaret, msimamizi wa kituo, alinipa Jumamosi hiyo iwe ya majaribio. Ikienda vizuri, Jumamosi zote zingekuwa zangu.

"Lakini uki-ni-embarrass," aliniambia, "tunarudia yale mahubiri yaliyorekodiwa ya kila Jumamosi."

Nilimwomba Muriuki radhi, nikamwambia yeye na Gilbert wanaweza kurudi nyumbani. Hakusogea. Alisema mama yake kule Meru ameamka kabla hakujapambazuka, simu iko sikioni akisikiliza kituo chetu, anamsubiri mbuzi. Miaka yote hii amekuwa akimwambia anafuga, na mama anamjibu kwamba hakuna mtu anayechunga mbuzi ndani ya friji. Alimtumia picha, mama akasema picha za siku hizi zinapikwa.

"Kwa sauti ya mbuzi hawezi kudanganywa," alisema, akiikunjakunja kofia yake.

"Atamsikia," nilimwambia. "Nakuahidi."

Margaret alikubali mlio mmoja tu, tena katika vichekesho, halafu mnyama atoke.

Tukampa Gilbert nafasi ya chifu katika kichekesho. Waigizaji wetu, wakiwa wananchi, walimuuliza kama ni yeye aliyekula mahindi ya msaada. Gilbert akaitazama maikrofoni kama mgeni aliyewekewa uji asioujua. Bi Kibibi alimtekenya mkia kwa kijiko. Kisha akalia yeye mwenyewe kama mbuzi, meee, ili amkumbushe. Kimya. Watu studioni walicheka sana, maana chifu anayenyamaza akiulizwa habari za mahindi walimfahamu. Muriuki hakucheka. Margaret alionyesha mlango kwa kidole, na wawili hao wakatoka kwenda koridoni.

Wa mwisho alikuwa Harrison, mfamasia wa Plymouth aliyejifunza ukubwani kupiga sello, ile fidla kubwa, akifanyia mazoezi gerejini ili asiwaudhi wanawe. Alifumba macho, akaanza taratibu kwa uzi wa chini kabisa. Ndipo nilipomwona Gilbert, ng'ambo ya kioo, akiinua kichwa na kufungua kinywa. Alikuwa akiimba. Mlango wa studio ni mzito, na hatukusikia hata punje.

Muriuki alinitazama kupitia kioo. Margaret naye alinitazama, akatikisa kichwa polepole. Alikuwa na haki. Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri, na kazi yangu iliyobaki ilikuwa kuketi tu.

Nikainuka, nikafungua mlango.

Sauti ya Gilbert iliingia ndefu, ikitetemeka, imejaa huzuni ambayo sikudhani mbuzi anaweza kuwa nayo. Harrison alifungua jicho moja. Akapunguza mwendo, akamngoja amalize pumzi, kisha wakaendelea pamoja hadi mwisho.

Margaret alivua vipokea sauti vya masikioni na kuniambia kwamba Jumamosi ijayo ni mahubiri. Alisema bila hasira, kwa hiyo nikajua hatabadili.

Koridoni, simu ya Muriuki ililia. Alisikiliza kwa muda mrefu, akiitikia kwa Kimeru, huku akijifuta macho kwa kofia.

"Anasema ameamini," akatuambia. "Na anauliza ni malezi gani haya, kumleta mbuzi mwenye kiu mbele za watu."

Nikaenda kutafuta beseni la maji.