Demani na Henza

Mtaani waliniita Nahodha, nami sikuwahi kumsahihisha mtu. Ukweli ni kwamba nilikaa baharini miezi minane tu, kabla sijajifunza cherehani, na kazi yangu ilikuwa kufua maji yaliyovujia ndani ya jahazi na kuyamwaga nje. Kamba za tanga walizishika wengine.

Siku moja mwalimu wa shule ya jirani aliingia dukani kwangu na mwanafunzi wake, binti mwenye mkono mwepesi wa kuchora. Walileta picha ya jahazi, wakataka majina. Tanga, mlingoti, foromali, ule mti unaobeba tanga, nikataja kwa mbwembwe. Wakafika kwenye kamba mbili. Demani na henza nilizisikia zikipigiwa kelele kila siku, lakini ipi ni ipi? Nikabahatisha. Binti akaandika.

Picha ikabandikwa ukutani shuleni, jina langu limeandikwa chini yake. Wiki mbili baadaye shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyeshika usukani wa jahazi miaka ishirini, akaiona. Akaja, akaketi kwenye benchi la wateja.

"Shemeji, pale demani na henza zimebadilishana. Henza ndiyo inayopandisha foromali, demani inavuta pembe ya chini ya tanga. Mtu akiambiwa alegeze demani, akaifungua hiyo mliyoiandika demani, foromali inamshukia kichwani."

"Watoto hao," nikasema, macho kwenye sindano. "Wameandika vibaya."

Aliniangalia kidogo, kisha akazungumzia mambo mengine.

Kesho yake mwalimu akarudi na yule binti. Shemeji alikuwa amempitia mwalimu shuleni, akamweleza kosa na nilivyosema.

"Mwombe mzee radhi," mwalimu akamwambia. "Umemharibia jina."

"Samahani, mzee," akasema binti. Alijua alichosikia kwangu. Niliona hivyo machoni mwake. Hakunibishia.

Nilijiona niko uchi katikati ya nguo zote zile.

"Aliandika nilichomwambia," nikasema. "Mimi kamba sizijui. Nilikuwa nafua maji."

"Ungesema tu hujui, mzee," mwalimu akasema, bila ukali. "Tungeuliza kwingine."

Wakaenda kwa shemeji. Chini ya picha jina langu likafutwa, likaandikwa lake. Yeye hakunitajia habari hiyo hata mara moja, na hilo ndilo lililonikata maini.

Mwezi uliofuata binti alileta sketi ya shule ishushwe upindo. Nilipiga magoti na futi yangu.

"Mwanangu, nilikukosea."

"Ndiyo," akasema, akageuka nipime upande wa nyuma.