Nusu Lita ya Abdulkadir

Kukadiria rangi ya chumba si uganga. Unajumlisha urefu na upana wa sakafu, unazidisha kwa mbili, unazidisha kwa kimo cha ukuta, kisha unatoa mlango na dirisha. Lita moja hupaka mita kumi za mraba, na ukuta hupakwa mara mbili. Ndivyo Musembi, fundi wa rangi pale Tulia, alivyopata lita tano na nusu za chumba cha Abdulkadir, mwaka wa themanini na saba, siku tatu kabla ya Idi.

Abdulkadir mwenyewe hakuwepo. Mwaka uliotangulia polisi walimshusha kwenye lori la mbuzi la mjomba wake kwa kukosa kipande, yaani kitambulisho, wakaondoka naye. Alikuwa na miaka kumi na minne, na kipande hupewa mtu wa kumi na minane, lakini kwa urefu aliwapita polisi wote wawili, nao hawakupenda kutazamwa kutoka juu. Tangu hapo mama yake, Istahil, alijibiwa jambo moja kituoni: alete kipande cha mwanawe, ndipo wamtafute daftarini.

Rangi iliisha shubiri moja kabla ya kufika juu.

"Fundi, umeinywa?" aliuliza Istahil.

"Mama Abdulkadir, hata pombe nimewacha, sembuse rangi."

Akapima tena. Ukuta ulikuwa umepanda shubiri moja pande zote nne, mabati juu yake, bila ufa.

"Ni Abdulkadir," alisema Istahil. "Anakua."

Musembi akaandika hivyo kwenye karatasi yake ya vipimo, akaenda dukani kuongeza nusu lita.

Mwaka wa pili chumba kilipanda shubiri nyingine. Wa tatu pia. Majirani walikuja wakakitazama, wakasema kijana analishwa vizuri huko aliko, wakaenda zao. Istahil alipeleka habari kituoni: mwanangu yuko hai, chumba chake kinakua. Askari, mtu wa adabu, akamwuliza kama chumba hicho kina kipande.

Mwaka wa tisini Musembi hakupima. Alichukua hesabu ya mwaka jana, akaongeza nusu lita, akanunua. Alipaka mara ya kwanza, ikakauka, akapaka mara ya pili mpaka kwenye mabati. Alipotazama mkebe, nusu lita ilikuwa imebaki.

Alitoa utepe akapima. Akapima tena, akianzia upande wa dirisha.

"Labda amemaliza kurefuka, mama," alisema. "Wengine huacha mapema."

"Baba yake alirefuka mpaka siku ya harusi."

Istahil alivaa nguo aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya Idi, akaenda kituoni kuuliza mwanawe amekufa siku gani, ili ajue siku ya kumsomea dua. Askari aliuliza kijana alizaliwa mwaka gani. Akahesabu kwa vidole, uso ukamchangamka.

"Basi ametimiza kumi na minane! Sasa anaruhusiwa kipande. Mwambie aje mwenyewe, na picha mbili."

Istahil alimshukuru.

Aliporudi, Musembi alikuwa amegonga mfuniko wa mkebe ukakaza, akausukuma chini ya kitanda cha Abdulkadir, mahali pa viatu vyake.