Ndoo ya Kutemea

Dereva alifuta viti vya gari mara ya pili, ingawa vilikuwa safi, kisha akawafungulia mlango wageni wake wanne: daktari wa meno na mkewe, pamoja na marafiki zao, muuza samani na mkewe. Ziara yao ilikuwa ya faragha: mashamba matatu ya mizabibu, kuonja mvinyo kila shamba, na kurudi hotelini kabla ya giza. Aliwakaribisha kwa tabasamu lake la kazini, lakini roho yake haikuwa pale. Mkewe alishikwa na uchungu alfajiri, na nyumbani kulikuwa na pipa moja tu la maji.

Tangu mto ulipogeuzwa kwenda kwenye mizabibu, maji ya mtaani kwao yalikuwa na tabia yake. Mgeni akimeza mvinyo kule juu, maji hupungua kwenye mapipa ya watu wa chini. Akiutema kwenye ndoo ya waonjaji, maji hurudi. Watu walilizungumza jambo hilo kama wanavyozungumzia kukatika kwa umeme, na msimu wa wageni ukifika, akina mama walifua mapema.

Kwa hiyo njia nzima dereva alijifanya bingwa wa mvinyo. Aliwaeleza kwamba mwonjaji wa kweli hamezi. Huuzungusha mdomoni, huutafakari, kisha hutema. Daktari wa meno alilipenda somo hilo, maana kuwaambia watu wateme ndiyo kazi yake ya kutwa. Shamba la kwanza alitema kwa shabaha, na wale wanawake wawili wakamfuata. Muuza samani alisema hakufunga safari kuja kutema vitu vizuri. Akameza, akaongezewa, akameza tena.

Dereva alitoka nje, akampigia simu mama mkwe wake.

"Pipa linasemaje, mama?"

"Limeshuka, baba. Nachota nimeinama mpaka kiunoni. Kuna mtu anameza huko?"

"Yupo mmoja."

"Mbembeleze. Mkunga anadai maji kila saa."

Shamba la pili alimbembeleza. Muuza samani alimpiga bega akamtania kwamba anamwonea kijicho, na wote wakacheka. Dereva naye alicheka. Ila aliogopa hata kuangalia simu.

Shamba la tatu alimfuata msimamizi, mwanamke mpole aliyekuwa akimimina, akamweleza habari ya mkewe bila kuficha. Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana, kaka. Lakini si ndiyo maana tunaweka ndoo? Hatumlazimishi mtu kumeza."

Akaisogeza ndoo karibu na muuza samani, kisha akamjazia glasi.

Simu ililia wakati huo. Mtoto wa kike, mzima, na mama yake mzima. Dereva aliegemea ukuta akalia mbele za watu, wala hakuona haya. Wageni walipojua sababu, walifurahi kwa dhati. Mke wa daktari alimkumbatia kama mdogo wake, na muuza samani akaagiza chupa ya zamani kuliko zote. Msimamizi akaiondoa ndoo mezani. Kwenye kupongezana, alieleza, hakuna kutema.

Walimwinulia mtoto glasi, wakameza wote, hata daktari. Kisha wakamgeukia baba mtu na kusubiri. Dereva alipiga funda moja akafumba mdomo. Kumeza hakuweza. Kutema chini pia kusingesaidia, kwani kinachoanguka kwenye ardhi ya shamba hubaki kuwa cha shamba.

Aliendesha gari mashavu yakiwa yamejaa. Waliposema naye, aliitikia kwa kichwa. Mke wa daktari aliwanong'oneza wenzake wamwache, ubaba umemshika. Hotelini walimpa mkono, mmoja mmoja, naye akawainamia.

Nyumbani alikuta pipa limelazwa ubavu, tupu. Mama mkwe alisema mtoto ameoshwa kichwa na kifua, kisha maji yakakata ghafla, yote kwa mpigo, kama watu wengi wamemeza pamoja. Kisha aliyaona mashavu ya mkwewe. Alileta beseni.

Dereva akainama, akatema. Yalikuwa maji meupe, safi, yenye uvuguvugu wa mdomo wake. Yalitosha kuosha mguu mmoja wa mtoto. Mama mkwe aliukausha, na ule mwingine akauvisha soksi hivyo hivyo.

"Kesho una wageni?" mkewe aliuliza kutoka kitandani.

"Ninao. Kundi kubwa."

"Wanameza?"

"Sijawaona bado," alisema dereva, akampokea mwanawe.