Unyusi Wangu wa Kushoto Una Sharti

Usiku wa jana niliota nimesimama mbele ya darasa la sita, sina nyusi wala kope, na kengele ya kipindi cha hesabu imeshagongwa.

Hilo la nyusi halikuwa ndoto. Mimi ni Mwalimu Nuruana, nafundisha hesabu Korogwe, huu mwaka wa kumi na tisa. Sijawahi kushika fimbo. Nilikuwa nikiinua unyusi wa kushoto tu, darasa linanyamaza. Dripu ya mwisho ya dawa ya saratani ilipoisha nyusi zangu zikiwa bado zipo, nilijisifu. Wiki tatu baadaye zikapukutika, kope zikafuata.

"Hizo huchelewa kutoka, mwalimu," Nesi Anjela wa kliniki aliniambia. "Zitarudi kwa zamu. Usizilazimishe."

Na Jumatatu narudi kazini.

Basi, mle ndotoni, darasa linapiga kelele. Nainua unyusi. Hakuna kinachoinuka. Kiranja, binti anayeitwa Hidaya, anasimama kwa adabu.

"Samahani mwalimu, umekasirika au una usingizi? Tunataka kujua tufanye lipi."

Natoa penseli ya wanja mkobani. Inakohoa kwanza.

"Nikuchore umekasirika au umeshangaa? Ukishachorwa, hakuna kubadili mpaka saa kumi."

"Nichore kawaida."

"Kawaida imekwisha."

Ikanichora nimeshangaa. Nikauliza saba mara nane. Hidaya akasema hamsini na sita, akanitazama, akauona ule mshangao, akasema basi hamsini na tano. Bado nimeshangaa. Akashuka hivyohivyo mpaka kumi na mbili, na darasa zima likaandika kumi na mbili.

Nageuka nifute ubao. Ubao unafunguka kama mlango, na mimi niko kliniki. Kope zangu zote zimebanana kwenye benchi la wagonjwa, kila ukope na kadi yake. Mwisho kabisa umekaa unyusi wa kushoto, umejitanda kanga.

"Mlikwenda wapi?" nauliza.

"Tulifukuzwa," unajibu unyusi. "Dawa ilikuja na amri: kila kinachokua haraka kitoke. Uvimbe ulikuwa unakua haraka. Na sisi pia. Tukajitetea kwamba sisi ni nyusi na kope. Ikasema yenyewe haisomi majina."

Nikaanza kulia. Machozi hayakupata pa kujishikia, yakaporomoka moja kwa moja mpaka sakafuni. Kope zikainua miguu zisilowe.

"Mwalimu," unyusi ukasema, sasa kwa upole, "kurudi nitarudi. Lakini miaka kumi na tisa umeniinua kutisha watoto. Wakikosa, mimi. Wakipata, unaweka vema kwa kalamu nyekundu, basi. Nimechoka."

"Sasa unataka nini?"

"Wakipata, niinue pia."

Nilitaka kubisha. Nikamfikiria Hidaya, mtoto aliyelijua jibu akaliacha kwa sababu ya uso wangu.

"Nitakuinua," nikasema.

Nesi Anjela akatokeza kichwa mlangoni. "Wa kwanza!"

Ukope mmoja mfupi ukasimama, ukajikung'uta.

"Na wengine?" nikauliza.

"Si nilikwambia zamu? Haya, lala, ufumbue jicho la kulia."

Nikafumbua. Kumekucha, na jicho linawasha. Nikapeleka kidole.

"Usisugue," akasema mume wangu, Mbaraka. Akanigeuza uso kuelekea dirishani, akachungulia muda mrefu, pumzi yake ikinukia chai ya tangawizi.

"Mama Saumu," akasema, "kuna ukope hapa."

"Mmoja?"

"Mmoja. Umepinda kidogo."

Akaenda kufunga dirisha, eti upepo usije ukautoa. Mimi nikapepesa mara moja, polepole, nikausikia ukinigusa.