Neno Nililomtafsiria Papa

…na hii maikrofoni nayo, tangu asubuhi inakoroma tu, Siméon, mwongozaji wetu wa msiba, anaipuliza, anaigonga, alo, alo, ndugu zetu tuvumiliane kidogo, tunatafuta betri, halafu binti wa marehemu atatusomea historia yake, yaani mimi, Généreuse, mtoto wa kwanza, karatasi imelowa jasho mkononi, ukumbi wa kanisa umejaa pomoni, Fairfield nzima, mtaa wetu huku ugenini, imekuja na sufuria zake, sombe, kisamvu chetu, inanukia mpaka kwenye jeneza, Papa angesema mnataka kula kabla hamjanilia, alikuwa na utani huo, Papa wangu, yuko hatua tatu kutoka hapa na siwezi kumtazama, macho yanakimbilia karatasi, mstari wa pili, Papa Libère alikuwa mwalimu, mwalimu wapi, uongo mtupu, Papa hakufundisha hata siku moja, Papa alikuwa wakili, Maître Libère, mji mzima ulimwita hivyo, na aliyemgeuza mwalimu ni mimi… mimi huyu huyu… ile siku kambini, mkalimani kalala na malaria, yule mama wa usaili wa kupelekwa ng'ambo anauliza, does anyone speak English, nikaruka, si nilikuwa na Kiingereza changu cha kambini, kiherehere kimenijaa, nikakaa katikati yao, Papa kavaa koti lake, akasema taratibu kama yuko mbele ya jaji, mimi ni wakili, waasi walipoushika mji wetu walinipa cheo cha mkuu wa vijana, nikakubali ili niwatoe vijana kifungoni, mwambie aandike hivyo, na mimi nilishasikia habari za jirani yetu Mirindi, nani kambini hakusikia, alikiri kwamba alikuwa na cheo wakati wa vita, faili lake likafungwa, akabaki pale na watoto wake miaka kumi na moja, basi nikamtazama yule mama machoni, nikasema, he was a teacher, na Papa Kiingereza hakujua, lakini hilo neno teacher nani asiyelijua, akageuka akaniangalia, Yesu wangu, yale macho, nilingoja anikemee, hakunikemea, alijifuta viganja kwenye magoti, akaitikia kwa kichwa, ndiyo… ndiyo, teacher…

“Soma kama ilivyoandikwa,” Mama ananinong'oneza, ananifinya paja, na kucha zake, ah Mama, naelewa, uraia wako bado uko kwenye foleni, bahasha yoyote ya serikali ikija unaishika kwa ncha za vidole kama kaa la moto, unaona tutarudishwa sote na sufuria zetu, lakini Mama, si wewe uliyempigia pasi shati kila asubuhi, ulijua anakwenda wapi, anakwenda na muhuri wa cheo chake mfukoni kuwatafuta watoto wa watu waliokamatwa barabarani, anasimama mlangoni kwa askari anasema huyu ni wangu, na yule ni wangu, jioni anarudi anakuta mlango wetu umepakwa mavi, msaliti huyo, anakula na adui, na wewe ulisugua, Mama, ulisugua… Balthazar yule pale mlangoni, na shati lake la kazini la njano, katoka bandarini Port Botany moja kwa moja, lori kaliacha wapi sijui, alikuwa na miaka kumi na saba waasi walipomfungia ndani ya kontena na wenzake, jua la saa saba, Papa akaja na muhuri wake, akafoka kwa Kifaransa mpaka likafunguliwa, na leo huyo huyo kazi yake kuvuta makontena, anacheka mwenyewe, anasema dada Généreuse, Mungu ana vituko, na alipokuja hospitali kumwona Papa alifunga mlango kwanza, akatazama huku na huku, ndipo akainama akasema polepole, Maître, na Papa akalia, Papa ambaye hakulia tulipomzika mdogo wangu njiani, neno moja tu likamliza, maana miaka kumi na mitatu hapa hakuna aliyemwita jina lake, Mwalimu habari, Mwalimu karibu, hata mchungaji, naye anaitika, kila mara anaitika, na Bénie wangu, mtoto hana kosa, akaandika shuleni my grandfather was a teacher, akachora ubao na chaki, wakampa cheti, akaingia nacho nyumbani kwetu pale Guildford anamkimbilia babu yake, Koko, what did you teach, na Papa akakishika kile cheti kwa mikono miwili, akasema, watoto wakubwa, kama utakavyokuwa wewe, kisha akaingia bafuni, maji yakamwagika muda mrefu… nilimsikia, nilikuwa napika, nikaongeza sauti ya TV, jamani, niliongeza sauti… na juzi, natafuta suti ya kumzikia, nakuta chini kabisa ya begi la makaratasi kile kitambaa cheupe cha shingoni wanachovaa mawakili juu ya joho, nikadhani kimesahaulika tangu kwetu, kumbe wapi, cheupe pe, kinanukia sabuni ya hapa, pasi ya juzijuzi, alikuwa anakifua, sisi tukiwa kazini anakitandaza mezani peke yake, anakipiga pasi, anakirudisha, ee Papa, kwa nini hukusema, ulingoja nikuulize, sikuuliza, nilikuwa na shifti, siku zote nina shifti, nawaogesha wazee wa watu na kuwauliza, what did you do when you were young, darling, wao nawauliza, wewe sikukuuliza…

“Na hizi betri nazo zimekufa,” anasema Siméon, watu wanacheka kidogo, kicheko cha msibani, Généreuse jitayarishe mama, nijitayarishe vipi, mkono uko ndani ya mkoba, umekishika kitambaa, Mama ananifinya tena, nifinye tu, Mama, aliyesema teacher ni mimi, ulimi ulikuwa wangu, watu wa uhamiaji wakiuliza waandike jina langu, si lako wala la huyu aliyelala hapa, Bénie ananitazama kutoka mstari wa pili, hajui kitu, Balthazar amevua kofia, na ile karatasi imeshaniponyoka iko chini ya kiti, sijainama kuiokota, Siméon anasema alo, alo, mnanisikia, hakuna anayemsikia, nangoja aniite, nisimame, Papa, safari hii nitakutafsiri neno kwa neno.