Lundo la Nyuma ya Banda

Jumatano, tarehe tano Juni, chai ikiwa bado jikoni, mfugaji alimimina pumba kwenye kihori na nguruwe wake jike wala hakuinua pua. Alikuwa amelala ubavu, tumbo la mimba limejaa kama gunia, ncha za masikio zimepiga zambarau. Mzee akaganda na ndoo mkononi. Rangi ile aliijua. Mwaka jana, homa ya nguruwe ilifagia banda zima, wakubwa kwa wadogo, kaburi la mkewe likiwa bado bichi.

Huyu ndiye pekee aliyebaki wa uzao wa nguruwe wa marehemu. Mkewe alimgawia dada yake nguruwe huyo angali kitoto, akaponea huko. Shemeji alimrudisha juzijuzi tu, bwana mifugo alipotangaza kwamba banda ni safi.

Safi. Watu wa ofisi yake walikuja wamejifunga mavazi meupe kama wanaenda kupasua mtu. Wakapuliza dawa ukutani, sakafuni, hata kufuli la mlango likapata fungu lake. Lundo la samadi nyuma ya banda walilipita wakiziba pua.

Sasa, marehemu alikuwa na mtindo wake. Jike akikaribia kuzaa, humtandikia samadi kuukuu chini ya majani makavu, watoto wapate joto. Majirani walimcheka, lakini vitoto vyake havikufa kwa baridi hata siku moja. Basi juma lililopita mzee alilichimba lile lundo. Juu lilikuwa kavu kama unga, ndani lina unyevu. Akaitandaza samadi hivyohivyo, akaisawazisha kwa kiganja, kama alivyomwona mkewe akifanya.

"Shemeji, umeganda hapo unamposa?" Dada wa marehemu alikuwa mlangoni.

"Mtazame masikio."

Alitazama. Utani ukamwisha.

"Ulimtandikia nini?"

"Alichotandika dada yako."

"Kutoka kwenye lile lundo?"

"Kwani nina jingine?"

Shemeji akapiga simu. Bwana mifugo alifika jua limeshakuwa kali, akachuchumaa, akampima yule jike joto, akamtoa damu, akatikisa kichwa. Alipoinua majani akaona kilichokuwa chini yake, akashusha pumzi.

"Mzee wangu, samadi ya wagonjwa inatandikwa kweli?"

"Mliniambia banda ni safi."

"Banda, ndiyo. Samadi hatukuitaja."

"Hamkuitaja. Kufuli mkalipulizia dawa. Kufuli linaugua homa?"

Bwana mifugo alianza kucheka, akaona yuko peke yake.

"Damu nitaipeleka ikapimwe," akasema, "lakini tusidanganyane. Itabidi auawe, afukiwe."

"Na walio tumboni?"

"Nao, mzee."

Shemeji akageukia ukuta. Mzee akapiga magoti, akaweka mkono juu ya lile tumbo. Kitu kikampiga teke kiganjani, kikatulia, kikapiga tena. Alikaa hivyo mpaka bwana mifugo akamaliza kufunga vichupa vyake.

"Huo ugonjwa," mzee akasema bila kugeuka, "unakaa kwenye samadi muda gani ndipo ufe?"

"Inategemea. Jua, unyevu, baridi..."

"Sijauliza unategemea nini."

"Nitauliza ofisini."

"Mwaka jana pia mlienda kuuliza ofisini."

Bwana mifugo akatazama mabuti yake. Samadi ilikuwa imeganda kwenye nyayo, na pikipiki yake ilikuwa inamsubiri barabarani, kwenye njia ya mabanda ya watu wengine.

"Na hiyo homa unayoondoka nayo mabutini," mzee akamuuliza, "itakufa lini?"