Malaria ya Kiangazi

"Wilayani wamekataa kutuletea daktari wa akili," muuguzi wa zahanati alisema bila hata kuniangalia. "Takwimu zetu zinaonyesha wagonjwa wa hivyo hawapo."

"Hawapo?" Nilimwonyesha mdogo wangu, aliyekuwa kwenye benchi akibishana na ukuta. "Na huyu ni nani?"

"Huyo huwa namwandikia malaria, dada. Daftari halina safu ya akili."

Miaka minne namleta kwa miguu, naye humpima joto, humpa vidonge na kutufukuza. Nikalivuta lile daftari.

"Usiguse mali ya serikali!"

"Niitie polisi basi!"

Nikapitisha kidole kwenye majina ninayoyajua. Mke wa fundi baiskeli, aliyetaka kujitosa kisimani: malaria. Mwalimu mstaafu, anayekesha akiwahofia majirani: malaria. Tena kiangazi chote, mbu wenyewe wamehama!

"Ulitaka nifanyeje?" alifoka. "Nisipojaza safu, ripoti inarudishwa."

"Ungeandika ukweli!"

Akaninyang'anya daftari, akafunua kurasa za nyuma kwa hasira mpaka moja ikachanika. "Soma na hapa, mama msema kweli. Siku hiyo mbona hukulalamika?"

Nikasoma. Ulikuwa mwezi niliojifungua, nilipomjia nikitetemeka, nikamwambia naogopa kubaki peke yangu na mwanangu. Mbele ya jina langu alikuwa ameandika malaria.

Vile vidonge nilivimeza vyote. Tena nilirudi kumshukuru.